Kushambulia Kete Mbili kwa Mwendo Mmoja: Mwongozo wa Sataranji kwa Mchezaji Anayeanza

Mwongozo huu ni wa mchezaji ambaye tayari anajua jinsi kila kete inavyotembea na jinsi mfalme anavyofungwa, lakini ambaye michezo yake mingi huamuliwa kana kwamba kwa bahati: leo anakuta malkia wa mwenzake amesahauliwa pembeni, kesho wa kwake ndiye anayeliwa. Mara nyingi hiyo si bahati. Nyuma yake kuna mbinu moja, nayo ni kuipeleka kete yako mahali ambapo inazitishia kete mbili au zaidi za mpinzani kwa wakati mmoja. Kwa kuwa mpinzani anacheza mara moja tu kabla zamu haijakurudia, ataokoa moja na nyingine utaila. Hapa Lubumbashi, ambako wengi wetu tumefundishwa sataranji kwa Kifaransa, mbinu hiyo huitwa fourchette. Katika mwongozo huu nitaiita uma.

Utahitaji ubao na kete. Ubao wa kweli unafaa kuliko skrini ya simu, hata kama wenyewe ni karatasi ngumu iliyochorwa miraba 64 na askari wako ni vifuniko vya chupa vya rangi mbili, kama vile watu wanavyochezea dame (drafti) mitaani Katuba au Kamalondo. Kuisogeza kete kwa mkono, kuitazama, kisha kuirudisha ilikotoka, huzoesha jicho kwa namna ambayo kugusa kioo hakuwezi, na tena ubao hauzimiki umeme unapokatika.

Miraba hutajwa kwa herufi na namba. Ukikaa upande wa kete nyeupe, mistari ya wima inaanzia a iliyo kushoto kwako hadi h iliyo kulia, na safu zinahesabiwa kutoka 1 iliyo mbele yako hadi 8 iliyo mbele ya mpinzani. Mraba wa a1 lazima uwe mweusi. Nitayataja majina ya kete kwa ukamilifu: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Ukifungua kitabu cha Kifaransa utakuta herufi R, D, T, F na C kwa zile tano za kwanza kwa mpangilio huohuo, na mwendo wa askari umeandikwa bila herufi ya kete.

Hatua ya 1: Tafuta shabaha kwanza

Wanaoanza huwa na tabia ya kumzungusha farasi ubaoni wakitumaini kwamba mahali fulani atakutana na kete mbili. Kazi hii hufanywa kwa kuanzia upande wa pili. Kwanza unazitafuta kete mbili za mpinzani zinazoweza kuliwa kwa faida. Kisha unauliza ni mraba gani unaozigusa zote mbili. Na mwisho kabisa unaangalia ni ipi kati ya kete zako inayoweza kufika kwenye mraba huo. Mchezaji anayefuata mpangilio huu huona uma ambao mwenzake, aliyekaa mbele ya ubao uleule, hauoni kabisa.

Ili ujue kama kete ni shabaha, lazima ujue thamani yake. Hesabu ya kawaida humpa askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5 na malkia 9. Mfalme hana bei, kwa sababu akifungwa mchezo umekwisha. Kwa hesabu hiyo, shabaha ni za aina tatu tu. Ya kwanza ni mfalme, ambaye akitishiwa mpinzani hana hiari, ni lazima amwokoe. Ya pili ni kete yenye thamani kubwa kuliko ile inayoishambulia, kwa sababu hata kama inalindwa utafurahi kubadilishana. Ya tatu ni kete isiyolindwa na mtu, hata kama thamani yake ni ndogo. Askari anayelindwa, akitishiwa na malkia, si shabaha hata kidogo. Malkia akimla, ataliwa yeye.

Aina hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo inastahili kutazamwa kwa makini tangu mwanzo wa mchezo. Panga kete zote mahali pake na uangalie upande mweusi. Ngome ya a8 na ile ya h8 hazilindwi na kete yoyote: farasi aliye jirani yake harukii kwenye kona hiyo, na malkia amezibiwa njia. Askari wa f7 analindwa na mfalme peke yake. Upande mweupe una udhaifu uleule kwenye a1, h1 na f2. Zishike pembe hizo akilini, kwa maana mifano kadhaa iliyo hapa chini inaishia kwenye ngome iliyolala konani bila mlinzi, na hivyo ndivyo ilivyo pia katika michezo mingi ya watu wanaoanza.

Basi, zoezi la kwanza ni hili: katika kila mchezo, kabla ya kugusa kete yako, hesabu kimoyomoyo kete za mpinzani ambazo hazina mlinzi. Zikiwa mbili, au ikiwa ni moja na mfalme wake yuko wazi, karibu kila mara inafaa kutumia muda zaidi kutafuta uma.

Hatua ya 2: Uma wa askari

Askari ndiye mshambuliaji wa bei nafuu kuliko wote, na kwa hiyo kila kete iliyo mbele yake ni shabaha isipokuwa askari mwenzake anayelindwa. Anakula kwa mshazari kushoto na kulia, maana yake ni kwamba kete mbili za mpinzani zilizokaa safu moja, zikiwa zimetenganishwa na mraba mmoja, zinaweza kushambuliwa na askari anayesogea chini ya mraba huo wa katikati.

Mfano wake mzuri unatokea mapema sana. Weupe wanaanza kwa askari e4, Weusi wanajibu askari e5. Farasi mweupe anakwenda f3, farasi mweusi c6. Askofu mweupe anakwenda c4, farasi mwingine mweusi f6. Na Weupe wanamtoa farasi wao wa pili hadi c3. Sasa Weusi wanaweza kumla askari wa e4 kwa farasi wa f6, jambo linaloonekana kama wazimu, kwa kuwa farasi mweupe wa c3 anamla mara moja. Lakini tazama kilichotokea: farasi mweupe amekaa e4, askofu mweupe amekaa c4, na kati yao kuna mraba mmoja. Weusi wanasogeza askari hadi d5, akilindwa na malkia wa d8, na kete zote mbili zinatishiwa. Weupe wakimrudisha askofu d3 ili amlinde farasi, Weusi wanamla farasi kwa askari wa d5, askofu anamla askari huyo, na hesabu inakuwa sawa: kila upande umepoteza farasi na askari.

Kama hesabu ni sawa, faida iko wapi? Iko katikati ya ubao. Askari mweupe wa e4 ametoweka, askari mweusi wa e5 bado yupo, na kete za Weusi zinapata nafasi ya kutoka. Ninausisitiza mfano huu kwa sababu wengi hufundishwa kwamba uma ni lazima uzae kete ya bure, na wasipoiona hiyo kete wanauacha. Wakati mwingine unachopata ni nafasi tu, na nafasi nayo ina thamani.

Hatua ya 3: Uma wa farasi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Farasi anashambulia kete bila kete hiyo kuweza kumshambulia yeye, isipokuwa iwe farasi pia. Malkia, ngome, askofu na mfalme hawawezi kumgusa farasi aliyewatishia. Tena anaruka juu ya kete nyingine, hivyo huwezi kumzibia njia. Akiwa katikati ya ubao anagusa miraba 8. Akiwa kwenye kona anagusa miraba 2 tu, na hiyo ni sababu tosha ya kutomwacha pembeni.

Jambo la kwanza la kushika ni rangi. Kila farasi anaporuka hubadilisha rangi ya mraba: akitoka kwenye mweupe anaangukia mweusi, na miraba yote atakayoitishia kutoka hapo ni myeupe. Kwa hiyo kete mbili zitakazopigwa uma na farasi lazima ziwe kwenye miraba ya rangi moja, na kama utazipiga uma kwa mwendo mmoja tu kuanzia sasa, rangi hiyo ni ileile ambayo farasi wako amekaa juu yake hivi sasa. Kanuni hii inakata kazi nusu nzima. Ukiona mfalme wa mpinzani yuko kwenye mraba mweusi na malkia wake kwenye mweupe, usipoteze muda kutafuta uma wa farasi kati ya hao wawili, haupo.

Jambo la pili ni maumbo. Kete mbili zilizo rangi moja zinaweza kukaa kwa namna nyingi, na jicho linapaswa kuzizoea mojamoja. Weka kete nyeusi kwenye e4 na f5, yaani zikigusana kwa mshazari: farasi anazipiga zote akiwa d6 au g3. Ziweke e4 na g4, safu moja na mraba mmoja katikati: anazipiga akiwa f2 au f6. Ziweke e4 na h7, mshazari mmoja wenye miraba miwili katikati: anazipiga akiwa f6 au g5. Sasa ziweke e4 na g6, mshazari mmoja wenye mraba mmoja katikati, kisha utafute. Hutapata kitu, kwa kuwa hakuna mraba hata mmoja ambao farasi anazigusa zote mbili. Hilo la mwisho lina manufaa makubwa kwa anayejilinda: ukilazimika kuziweka kete zako mbili karibu na farasi wa adui, ziweke kwa umbo hilo na utalala usingizi.

Sasa mifano miwili ya kweli. Wa kwanza ni uma wa c7. Farasi mweupe amefika d5, mfalme mweusi bado yuko e8 na ngome yake iko a8. Kama askari wa c7 halindwi, farasi anamla, anamtishia mfalme, na papo hapo anaitishia ngome ya kona. Mfalme lazima asogee, na ngome inaliwa. Angalia rangi: d5, e8 na a8 zote ni miraba myeupe.

Wa pili ni uma wa f7. Anza kama ulivyoanza katika hatua iliyopita: e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6. Badala ya kumtoa farasi wa pili, Weupe wanamsogeza yule wa f3 hadi g5, na sasa f7 inatishiwa na farasi pamoja na askofu. Tuseme Weusi hawajagundua, wanasogeza askari h6 ili kumfukuza farasi. Farasi anakula f7, na kutoka hapo anamtishia malkia wa d8 na ngome ya h8. Mfalme anatamani kumla farasi huyo lakini haruhusiwi, kwa kuwa askofu wa c4 anaulinda mraba wa f7 kwa mshazari ulio wazi. Malkia atakimbia, ngome ya h8 itaondoka. Jibu sahihi la Weusi lilikuwa kusogeza askari hadi d5, akauziba mshazari wa askofu kabla madhara hayajatokea.

Hatua ya 4: Uma wa malkia

Malkia anatembea pande zote nane, hivyo nafasi zake za kupiga uma ni nyingi kuliko za kete yoyote. Udhaifu wake ni bei. Kwa kuwa ana thamani ya 9, hawezi kula kete inayolindwa bila hasara, na kwa hiyo shabaha zake ni mbili tu: mfalme, na kete isiyo na mlinzi. Uma wa malkia unapatikana ukiwa umeziorodhesha zile kete zisizolindwa. Bila orodha hiyo, utamzungusha bure huku mpinzani akizitoa kete zake kwa kumfukuza.

Tazama mfano huu mfupi. Askari e4, askari e5, kisha malkia mweupe anakwenda h5, akimtishia askari wa e5 asiye na mlinzi. Mchezaji asiye na uzoefu, akiona malkia karibu na mfalme wake, anamfukuza kwa askari g6. Malkia anakula e5. Kutoka hapo anamtishia mfalme kwenye mstari wa e, na kwa kuwa askari wa g7 ameshasogea, mshazari wa e5, f6, g7, h8 umefunguka hadi kwenye ngome ya kona. Weusi wataziba kwa malkia e7, na ngome italiwa. Jibu zuri lilikuwa farasi c6 kwanza, ili amlinde e5. Weupe wakimleta askofu c4 kwa nia ya kumfunga mfalme kwenye f7, ndipo g6 inapokuwa mwendo mzuri. Neno kwa Weupe pia: malkia aliyekula ngome konani huweza kuzibiwa njia ya kurudi, hivyo usimwache huko akistarehe.

Mfano wa pili unawapata hata watu waliocheza miaka. Askari e4, askari mweusi c5. Askari d4, c5 anakula d4. Farasi mweupe f3, askari mweusi e5. Askari huyo wa e5 anaonekana kuachwa bure, na farasi anamla. Weusi wanamleta malkia a5. Mshazari wa a5 hadi e1 uko wazi, hivyo mfalme mweupe anatishiwa; na safu ya tano nayo iko wazi kutoka a5 hadi e5, ambako farasi amekaa peke yake. Farasi amekwenda. Ukiwa na mfalme aliye wazi kwenye mshazari huo, mraba wa a5 (au a4, kwa upande wa pili) uwe wa kwanza kuutazama kila unapopeleka kete mbele bila mlinzi.

Ngome na askofu nao hupiga uma kwa mantiki hiyohiyo, ngome kwenye mistari iliyofunguka na askofu kwenye mishazari mirefu. Sina la kuongeza juu yao ambalo malkia hakulionyesha.

Hatua ya 5: Uhakiki uma kabla hujaucheza

Watu wengi waliotoka kwenye dame huingia kwenye sataranji na desturi moja inayowaponza: katika dame kula ni lazima, na mkono umezoea kwenda haraka. Katika sataranji hakuna anayelazimishwa kula, na uma mwingi huharibika katika sekunde zilezile ambazo mchezaji amefurahi kuuona. Kabla ya kusogeza, jiulize mambo matatu.

La kwanza: kete yangu, ikishafika pale, inaweza kuliwa? Usiangalie kete zilizo karibu tu; askofu na malkia hutokea mbali.

La pili: mpinzani anaweza kuiondoa moja kati ya kete zilizotishiwa huku akimtishia mfalme wangu, au akitishia kitu kikubwa kuliko ninachotaka kula? Akiweza, atapata muda wa mwendo wa ziada, na katika mwendo huo ataiokoa ya pili.

La tatu: kuna mwendo mmoja unaoziokoa zote, ama kete moja ikikimbilia mahali inapoilinda nyingine, ama kete inayomkinga mfalme ikimtishia mshambuliaji wangu? Rudi kwenye mfano wa malkia wa a5. Weupe wanaweza kumkinga mfalme kwa askofu d2, na askofu huyo anamtishia malkia. Jibu hilo linaonekana la ujanja, nalo lingeuharibu uma kama malkia angelazimika kukimbia mikono mitupu. Lakini malkia anakimbia kwa kumla farasi wa e5, hivyo tishio la askofu halikumfaidi mtu. Hesabu ya namna hii, mwendo mmoja mbele zaidi ya furaha yako, ndiyo inayotofautisha uma halisi na uma wa kufikirika.

Hatua ya 6: Utengeneze uma usiokuwepo

Mara nyingi utaona mraba mzuri wa uma lakini shabaha moja iko nje kidogo ya mahali unapoitaka. Hapo swali linakuwa: naweza kuilazimisha ifike? Kumlazimisha mfalme ni rahisi kuliko kulazimisha kete nyingine, kwa kuwa akitishiwa miendo yake ni michache.

Mfano maarufu ulitokea Moscow mwaka 1966, katika mchezo wa kumi wa kugombea ubingwa wa dunia kati ya Tigran Petrosian, aliyekuwa bingwa, na Boris Spassky. Nitaweka kete zinazohusika tu, na askari mmoja wa kuziba njia. Weupe: mfalme h1, malkia a1, farasi d6. Weusi: mfalme g8, malkia g5, ngome f7, askari h7. Farasi anaweza kuila ngome ya f7, na kutoka f7 atamgusa malkia wa g5. Lakini mfalme wa g8 amesimama karibu na atamla. Kama mfalme angekuwa h8, asingeifikia f7, na papo hapo angekuwa shabaha. Petrosian alimpeleka malkia wake h8, kwenye mdomo wa mfalme. Mfalme hana pa kwenda isipokuwa kumla; farasi anakula f7 akimtishia mfalme na malkia pamoja; na mwendo unaofuata malkia mweusi anaondoka ubaoni. Spassky hakusubiri kuonyeshwa, alikubali kushindwa palepale. Weupe walitoa malkia, wakapata ngome na malkia, na Petrosian alibaki na ubingwa wake mwaka huo.

Upange mfano huo ubaoni na uucheze mara kadhaa. Jambo la kujifunza ni namna swali lilivyoulizwa: mfalme angekuwa wapi ili farasi wangu ashinde? Baada ya hapo, h8 inajitafuta yenyewe.

Hatua ya 7: Ndugu wa uma

Kuna namna nyingine ya kushambulia kete mbili kwa mwendo mmoja, ambapo washambuliaji ni wawili. Kete iliyosimama mbele ya nyingine inasogea, inatishia kitu kwa upande wake, na wakati huohuo inamfungulia njia aliyekuwa nyuma yake atishie kitu kingine. Kwa kuwa anayesogea mbele mara nyingi haulizwi kitu, tishio la nyuma likiwa juu ya mfalme, anaweza kwenda kokote na kula chochote.

Askari e4, askari e5. Farasi mweupe f3, farasi mweusi f6. Farasi mweupe anakula e5, na farasi mweusi kwa pupa anakula e4. Weupe wanamleta malkia e2, akimtishia farasi wa e4. Farasi huyo akikimbia kurudi f6, mstari wa e unabaki na farasi mweupe wa e5 peke yake kati ya malkia wa e2 na mfalme wa e8. Farasi anaondoka e5 kwenda c6. Mfalme ametishiwa na malkia, malkia mweusi wa d8 ametishiwa na farasi, na ingawa c6 inafikiwa na askari wawili na farasi wa b8, hakuna mwenye ruhusa ya kumla kabla mfalme hajaokolewa.

Hatua ya 8: Kujilinda

Kinga ya kwanza ni kuwa na kete zinazolindana. Mhifadhi mfalme mapema kwa kumbadilishia nafasi na ngome, mwendo ambao kwa Kifaransa huitwa roque, kisha uzitoe kete zilizo katikati ya ngome zako mbili ili zilindane kwenye safu ya nyuma. Ule udhaifu wa kona utakuwa umekwisha. Kila mpinzani anaposogeza farasi, fuata kwa macho miraba yote atakayoweza kurukia baadaye, si ile anayoitishia sasa.

Ukishapigwa uma, usikimbilie kuiokoa kete kubwa kabla ya kutazama kama mshambuliaji analiwa, kama una tishio kubwa zaidi la kujibu, au kama kete moja inaweza kuondoka ikiilinda ya pili. Yote yakishindikana, ile kete itakayokufa iuze ghali: kama farasi wako hana pa kukimbilia na karibu yake kuna askari wa adui, mle askari huyo kwanza.

Hatua ya 9: Mazoezi

Mwenye simu na mega za intaneti za kutosha anaweza kutumia Lichess, huduma ya bure isiyo na matangazo iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo ina sehemu ya mafumbo yaliyopangwa kwa mada; ukiiweka katika Kifaransa, chagua fourchette. Machache kila siku, yakitatuliwa hadi mwisho akilini kabla ya kugusa kioo, yanafaa kuliko mengi ya kubahatisha. Jihadhari na jambo moja: mafumbo yakiwa ya mada moja unajua tayari kwamba uma upo. Ukishazoea, changanya mada, kwa sababu katika mchezo wa kweli hakuna anayekuambia.

Kwa jioni ambayo umeme haupo, weka ubaoni kete hizi. Weupe: mfalme h1, farasi e4, askari f2, g2, h2. Weusi: mfalme g8, malkia d7, askari f7, g7, h7. Zamu ni ya Weupe. Farasi akienda f6 anamtishia mfalme na malkia, na rangi zinakubaliana. Je, mwendo huo ni mzuri? Hapana, kwa sababu askari wa g7 anamla. Msogeze askari huyo hadi g6 na uulize tena: sasa hakuna anayefika f6, na malkia ameliwa. Hatimaye mrudishe askari g7, uongeze ngome nyeupe kwenye g3, kisha umpeleke farasi f6. Askari wa g7 anamwona farasi mbele yake lakini hawezi kumla, kwa kuwa akitoka kwenye mstari wa g, ngome ya g3 itamfikia mfalme wake moja kwa moja.